Uzi maalumu: Monita isiyoumiza macho – pima kwa simu kabla hujatoa hela

Kioo Safi | #1

Wakuu, habari za jioni.

Swali la monita isiyoumiza macho huwa linajibiwa kwa majina ya kampuni: chukua hii, achana na ile. Jina la kampuni halikusaidii kitu, kwa sababu kampuni hiyohiyo hutoa modeli moja safi na nyingine ya kukutesa. Vipo vitu vya kupima, na vingi unavipima dukani kwa simu iliyo mfukoni mwako.

Uzi huu ni wa wale ambao macho yanawaka, yanatoa machozi, au kichwa kinaanza kugonga nyuma ya jicho baada ya saa moja, wakati mwenzao wa meza ya pili anashinda kwenye skrini bila neno.

Naanza na kitu ninachokiona kizito kuliko vyote: jinsi mwangaza unavyopunguzwa. Paneli ya LCD haina mwanga wake, nyuma yake kuna taa za LED. Ukishusha mwangaza kutoka 100 hadi 30, monita inaweza kufanya moja kati ya mawili. Inaweza kupunguza umeme unaoingia kwenye LED, na taa ikafifia kweli. Njia hiyo tunaiita DC. Au inaweza kuacha LED na nguvu zake zote, ila ikawa inaizima na kuiwasha mara nyingi sana kwa sekunde moja, hadi ubongo ukadhani mwanga umepungua. Hiyo ni PWM. Kwenye 30 ya PWM, taa inawaka kama asilimia 30 ya muda tu, na muda uliobaki ni giza. Kwenye 100 haizimwi hata kidogo.

Hapo ndipo watu wengi wananaswa. Macho yanauma, mtu anashusha mwangaza ili yapumzike, yanauma zaidi. Anashusha tena. Kumbe kila anaposhusha anaongeza muda wa giza kati ya mwako mmoja na mwingine.

Kwenye monita za LED za miaka ya mwanzo masafa, yaani mara ngapi taa inazimwa na kuwashwa kwa sekunde, yalikuwa 180 hadi 240 Hz. Dell U2412M ya 2011, ambayo bado imejaa kwenye soko la mitumba, ni 180 Hz. Monita za zamani zaidi, zile za taa za CCFL, nazo zilikuwa na PWM, lakini fosfori ya ndani ya taa ilibaki ikiwaka kidogo baada ya umeme kukatwa, kwa hiyo giza halikuwa kali. LED inakata papo hapo. Ndiyo maana wapo waliokuwa salama kwenye monita nene za zamani wakaanza kuumwa walipobadilisha.

---

Mzee wa Ohm | #2

Naongezea hesabu kwa wanaopenda namba. IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, walitoa mwongozo namba 1789 mwaka 2015 kuhusu kuchezacheza kwa mwanga wa LED. Uliandikwa kwa ajili ya taa, lakini mantiki inafaa kwa skrini. Kwa masafa ya zaidi ya 90 Hz, zidisha masafa kwa 0.08. Jibu ni asilimia ya juu ambayo mwanga unaruhusiwa kupanda na kushuka ili hatari ibaki ndogo.

Kwa 240 Hz: 240 × 0.08 = 19.2. Maana yake mwanga usitikisike zaidi ya asilimia 19. PWM inayozima taa kabisa inatikisa asilimia 100, mara tano ya kiwango. Ili kuzima kabisa kuruhusike, masafa yafike 1,250 Hz. Na kwa kiwango kikali zaidi, kile cha kutokuwa na athari yoyote, unazidisha kwa 0.0333, na hapo unahitaji 3,000 Hz.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii PWM yake ni ya juu", mwulize ngapi. 400 ni ndogo. 20,000 ni habari nyingine kabisa.

---

binti_pangani | #3

Asante Kioo Safi. Sasa nikiwa dukani napimaje? Nembo ya "Flicker Free" kwenye boksi inatosha?

---

Kioo Safi | #4

Dada, nembo ni mwanzo mzuri, hasa ya TÜV Rheinland (kampuni ya Ujerumani inayopima ubora wa bidhaa), lakini kwa mtu mwenye macho yasiyostahimili usiishie hapo. Fanya hivi:

Omba monita iwashwe na ifunguliwe ukurasa mweupe mtupu, hata dokezo jipya lisilo na maandishi linatosha. Fungua kamera ya simu kwenye modi ya "Pro". Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/2000 ya sekunde. Kama picha ni nyeusi sana, ongeza ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga), usiguse shata. Sogeza simu hadi kioo kijae weupe, kama sentimita 15 hivi.

Anza mwangaza wa monita ukiwa 100. Kioo kitaonekana cheupe kilichotulia. Shusha hadi 75, kisha 50, 25, na 0, ukitazama kila hatua. Monita ya DC inabaki imetulia, inafifia tu. Ya PWM inachora mistari ya giza inayokatiza picha kwa upana, na mistari inanenepa kadiri unavyoshusha. Mistari michache minene ni masafa ya chini, ikimbie. Mistari mingi myembamba kama nyuzi ni masafa ya juu, afadhali kidogo.

Usipime kwenye 100 peke yake. Muuzaji anapenda kuonyesha monita ikiwa 100, na hapo hata yenye PWM mbaya inaonekana safi. Kuna nyingine ni DC mpaka 30 hivi, chini ya hapo zinageuka PWM. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: kwenye mwangaza NITAKAOUTUMIA, inacheza au haichezi?

Kama simu haina modi ya Pro, chukua kalamu nyembamba, ipeperushe haraka mbele ya kioo cheupe kama feni. Kivuli kikiwa ukungu laini unaoungana, vizuri. Ukiona kalamu nyingi zilizotengana kama meno ya kitana, hiyo ni PWM.

Na kabla ya yote, elekeza kamera ukutani kwanza. Taa za dukani zenyewe zinaweza kuchora mistari ukailaumu monita bure.

---

Luthuli254 | #5

Hiyo ya ukutani ni muhimu sana. Maduka mengi hapa Nairobi yana taa za LED za bei rahisi, ukipima bila kufunika utakataa kila monita. Mwombe azime taa ya juu, ama funika monita na koti.

Kwa wanaonunua zilizotumika za maofisi ya ng'ambo: angalia kibandiko cha nyuma, mwezi na mwaka wa kutengenezwa vipo. Mwaka 2013 ndipo mambo yalianza kubadilika, BenQ wakatangaza safu nzima isiyo na PWM na wengine wakafuata. Kwa Dell, U2414H ya 2013 na U2415 ya 2014 ni safi. U2412M, P2412H na ndugu zao wa enzi hiyo, hapana. Kwa macho wanatofautiana sana, na mezani kwa muuzaji wanakaa pamoja.

Kitu kingine kwa mitumba: washa skrini iwe nyeupe kabisa uangalie kama pembe zimekuwa za manjano ama kuna upande umefifia. Taa ikichoka utalazimika kuipandisha juu kila mara, na weupe usiolingana huchosha macho ukisoma.

---

Mzee wa Ohm | #6

Hapo kwenye taa naomba nikae kidogo, kwa sababu nusu ya malalamiko ya monita ni malalamiko ya balbu.

Umeme wetu ni 50 Hz. Balbu ya LED isiyo na kapasita ya kutosha ya kulainisha umeme inacheza mara mbili ya hapo, yaani 100 Hz. Kwa hesabu ya juu: 100 × 0.08 = asilimia 8 tu inaruhusiwa. Balbu za bei ya chini zinapita hapo mbali. Unaweza kununua monita safi kuliko zote ukaiweka chini ya balbu ya namna hiyo, na kichwa kikaendelea kuuma.

Pima kwa kamera ileile, shata 1/1000, ukiielekeza kwenye ukuta mweupe chini ya balbu. Mistari mikubwa, badilisha balbu. Ni gharama ndogo kuliko zote zitakazotajwa kwenye uzi huu, na ndiyo maana mimi ningeanza nayo.

---

chuo_mwaka_wa3 | #7

Wakuu, monita ninayo tayari na nimepima, mistari kama pundamilia kuanzia 90 kushuka chini. Sina hela ya nyingine sasa hivi. Nifanyeje?

---

Kioo Safi | #8

Mdogo wangu, iache taa ya nyuma kwenye 100, punguza weupe kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza, kwenye menyu ya monita shusha kontrasti. Kama iko 75, jaribu 50. Kontrasti inazuia mwanga kwenye paneli yenyewe, haigusi taa. Rangi zitapooza kidogo. Njia ya pili ni programu inayotia kivuli juu ya picha. Angalia usichanganye hapa: Twinkle Tray na Monitorian zinabonyeza mwangaza wa monita yenyewe kupitia waya, kwa hiyo zinairudisha PWM. Unataka ile inayotia giza picha tu, kama Iris. Kwenye Linux andika:

xrandr --output HDMI-1 --brightness 0.7

Badilisha HDMI-1 uweke jina ambalo xrandr inakupa. Amri hii haigusi taa.

Hasara yake ni kwamba nyeusi itabaki ya kijivu na monita itakula umeme zaidi. Kwa macho yako ni bei nafuu.

---

Mpima Miwani | #9

Nimesoma yote, mmefanya kazi nzuri. Naongezea upande wa jicho, maana si kila maumivu ni ya taa.

Mwangaza wenyewe kwanza. Chukua karatasi nyeupe ya A4, ishike pembeni ya skrini yenye ukurasa mweupe, chini ya mwanga uleule unaofanyia kazi. Skrini ikionekana kama taa iliyowashwa nyuma ya karatasi, shusha. Ikionekana ya kijivu, pandisha. Hesabu yake ni rahisi: mwanga wa chumba kwa luksi, zidisha 0.8 ya weupe wa karatasi, gawa kwa 3.14. Ofisi ya luksi 500 inatoa kama niti 127 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini). Chumba cha luksi 300 ni niti 76 hivi. Sasa fikiria monita nyingi zinatoka kiwandani zikiwa juu ya 250. Kwa anayefanya kazi usiku, uliza kiwango cha CHINI cha monita. Nyingine hata kwenye 0 hazishuki chini ya niti 90, na hapo huna pa kukimbilia. Inayoshuka hadi 40 au 50 ndiyo ya mtu wa usiku.

Pili, kupepesa. Kwa kawaida tunapepesa kama mara 15 kwa dakika, mbele ya skrini inashuka hadi nusu au chini ya hapo. Jicho linakauka, linawaka, na baadaye linatoa machozi mengi. Feni ikipuliza usoni, au kiyoyozi kikiwa juu ya kichwa, inazidi. Geuza feni ipulize kifuani au ukutani.

Tatu, miwani. Waliovuka miaka 40 wengi wana miwani ya kusomea iliyopimwa kwa sentimita 40, ambapo jicho linahitaji dayopta 2.5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Skrini iko sentimita 65, inahitaji kama 1.5. Kwa hiyo unavuta shingo mbele ili uone vizuri. Pima kwa rula kutoka jichoni hadi kwenye kioo, mpelekee mpimaji namba hiyo, akutengenezee miwani ya umbali huo. Mwenye lenzi za ngazi, zile za mbali juu na karibu chini, ashushe monita, vinginevyo atakuwa akiinua kidevu mchana kutwa.

Jicho likiwa jekundu lenye maumivu makali, ukiona duara za rangi kuzunguka taa, au uoni ukibadilika ghafla, uzi huu haukuhusu. Nenda hospitali.

---

Msafiri_Muscat | #10

Na miwani ya kuzuia mwanga wa bluu je? Hapa kila duka wanaiuza.

---

Mpima Miwani | #11

Kwa uchovu wa macho, hapana. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio 17 na hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi ikilinganishwa na lenzi za kawaida. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani nacho hakiipendekezi. Modi ya njano kwenye monita ukiipenda usiku itumie, lakini usiongeze hela kwa ajili yake. Mwenye kipandauso anayeumizwa na mwanga ni kisa kingine. Yupo anayefaidika na lenzi za rangi ya waridi zinazoitwa FL-41, amwulize daktari wake.

---

Nukta Ndogo | #12

Mmeruka maandishi, na kwa msomaji na mwandishi wa programu za kompyuta ndiyo shughuli yenyewe. Herufi zisizo na kingo safi zinalifanya jicho litafute fokasi bila kuipata.

Angalia msongamano wa pikseli kwa inchi. Inchi 27 yenye 1080p ni 82 tu, nukta zinaonekana waziwazi, msinunue kwa ajili ya kusoma. Inchi 24 ya 1080p ni 92, inavumilika. Inchi 27 ya 1440p ni 109, hapo ndipo ningeanzia mtu mwenye bajeti ya kati. Inchi 27 ya 4K ni 163, na ukiweka ukuzaji wa asilimia 150 kwenye Windows herufi zinakuwa kama zimechapwa. Ukipata ya 4K isiyo na PWM, hertsi za juu za kuchora picha upya si lazima, ingawa 100 au 120 zinafanya maandishi yasitikisike unaposogeza ukurasa.

Aina ya paneli: IPS au VA, zote zinafaa. VA ina nyeusi nzito, kontrasti 3000:1 dhidi ya 1000:1 ya IPS ya kawaida, lakini maandishi ya giza yanaacha ukungu ukisogeza ukurasa. Kwa wanaosoma muda mrefu napendekeza IPS yenye uso usiong'aa. Ule uso uwe laini, maana ukiwa na chembechembe nyingi weupe unameremeta kama mchanga, na jicho linahangaika nao.

Halafu setingi, ambazo hazigharimu chochote. Kwenye kadi ya grafiki ya NVIDIA weka "RGB" na "Full". Kwenye AMD chagua RGB 4:4:4 ya PC. HDMI ikijichagulia 4:2:2, inayopunguza taarifa za rangi, herufi nyekundu na bluu zinapata kingo chafu. Zima kontrasti ya kujibadilisha yenyewe, zima HDR kwenye kazi za kawaida, na zima kile kinachoandikwa "1 ms MPRT" au majina kama hayo. Hicho kinafanya kazi kwa kuzima taa kati ya picha na picha, yaani umenunua monita isiyocheza halafu umeichezesha mwenyewe.

---

Luthuli254 | #13

Wengi huku wanatumia TV kama monita. Nukta Ndogo, waambie.

---

Nukta Ndogo | #14

TV inawezekana, ila ipimeni PWM kwanza, nyingi zinayo. Kisha: badilisha jina au aina ya HDMI iwe "PC", shusha "Sharpness" hadi 0 (kwenye TV 0 mara nyingi ndiyo halisi, kwenye monita za kompyuta halisi huwa katikati, mfano 50), zima kila kitu kinacholainisha mwendo. Sharpness ikiwa juu inachora mstari mweupe kuzunguka kila herufi. Sogea kwenye kioo utauona. Na TV ya inchi 43 ya 4K ikae sentimita 80 au zaidi, siyo 50.

---

binti_pangani | #15

OLED vipi? Nasikia ndiyo bora kuliko zote. Na modi nyeusi?

---

Kioo Safi | #16

OLED, yaani paneli ambayo kila nukta inawaka yenyewe bila taa ya nyuma, za monita haziko kama za simu. Za simu nyingi zina PWM ya 240 au 480 Hz. Za monita mwanga unashuka kidogo tu kila picha inapoandikwa upya, kwa hiyo wapo wanaozimudu vizuri na wapo wasiozimudu. Tatizo lake kwa msomaji ni mpangilio wa pikseli: kwenye nyingi nukta hazijakaa kwa mstari wa nyekundu, kijani, bluu ambao Windows inautarajia, na herufi zinapata kivuli cha rangi kwenye kingo. Kwa 4K ya inchi 27 au 32 kivuli kinapungua. Mimi kwa macho mabovu bado nachagua LCD ya DC.

Modi nyeusi namwachia Mpima Miwani.

---

Mpima Miwani | #17

Kwenye giza mboni inapanuka, na mwenye astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho) anaona herufi nyeupe zikivuja mwanga pembeni. Huyo asome nyeusi juu ya nyeupe iliyopozwa, mwangaza ukiwa chini. Asiye nayo achague anachopenda.

---

Mzee wa Ohm | #18

Lipo moja halijatajwa. Kuna watu wamepima kila kitu, hakuna mstari hata mmoja, na bado wanaumwa. Hapo shuku ditha. Paneli ya biti 6 haina rangi zote, inazidanganya kwa kubadilisha pikseli kati ya rangi mbili jirani kwa haraka. Kadi ya grafiki nayo inaweza kufanya hivyo hata kama paneli ni biti 8 kamili. Tafuta kwenye vipimo vya modeli neno "8 bit" lisilofuatwa na FRC, jina la ditha ya paneli. Kwenye NVIDIA weka kina cha rangi 8 bpc. Kwenye Mac za M1 na kuendelea kuna programu ya bure inaitwa Stillcolor inayozima ditha. Jaribu hiyo kabla ya kuuza monita.

---

chuo_mwaka_wa3 | #19

Nimefanya: taa 100, kontrasti 45, nimetoa balbu ya mezani iliyokuwa na mistari. Swali la mwisho, nikija kununua, nimwambie nini muuzaji anayekataa nipime?

---

Luthuli254 | #20

Mwambie unataka kuangalia pikseli zilizokufa, hilo wanalielewa na watakufungulia ukurasa mweupe. Ukiwa hapo shusha mwangaza mwenyewe kwa vitufe vya monita, kamera ikiwa tayari kwenye 1/2000. Dakika mbili zinatosha. Akikataa hata hivyo, ingia duka la pili. Na kwenye risiti aandike modeli kamili, herufi zote: U2414H na U2412M zinatofautiana kwa tarakimu moja na herufi moja tu.